Mama Sikio na Sakafu ya Soko

Ukimkuta shangazi yangu amesimama katikati ya rundo la mawe, jiwe kalibandika sikioni na macho kayafumba, usimsalimie. Hajarukwa na akili. Anasikiliza. Atalitikisa, atanyamaza, atalitikisa tena, halafu atatoa hukumu kama hakimu aliyecheleweshewa chakula: "Linalia." Au: "Bubu."

Linalolia huingia kwenye karai. Bubu hutupwa nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa mawe bubu, na kwa jinsi alivyoifanya kazi hii muda mrefu, ukuta huo umeanza kuipita nyumba kwa urefu. Wezi wanauheshimu. Jua la asubuhi hutufikia limechelewa, kama karani wa ofisi.

Sokoni wanamwita Mama Sikio. Ni fundi sakafu: anatengeneza unga wa rangi kwa mawe, anaupiga kwenye niru, ile saruji laini ya juu, ikiwa bado mbichi, anasugua kwa mwiko mpaka sakafu inakuwa kama kioo chenye haya. Mimi ananiita Nusu, kwa heshima ya diploma yangu ya ujenzi, ambayo niliila nusu nikashiba. Nikimwambia jina hilo linaniumiza, anajibu, "Maliza nusu ya pili, nitakuita Zima."

Mawe yenyewe yanatoka kilimani, nyuma ya machimbo ya kokoto. Mwalimu wetu wa mwaka wa kwanza alitueleza kwamba zamani mno pale palikuwa na maji, na chuma kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake kikawa kinatuama chini pamoja na matope na mchanga, tabaka juu ya tabaka, mpaka vyote vikagandamana vikawa jiwe. Mwaka wa pili sijui alieleza nini. Sikuwepo.

Jiwe hilo la chuma ndilo limetulea. Mapande yake makubwa yako kwenye misingi ya nyumba zetu, mazito kama dhambi, mvua inayapiga mpaka inachoka yenyewe. Changarawe yake ndiyo barabara. Wahunzi wa kale waliliyeyusha wakapata majembe, na makapi meusi ya tanuru zao bado yanachomoza ukilima bustani. Seremala analo moja la kugandamizia mbao zilizopakwa gundi, kinyozi analo la kuzuia mlango. Lakini shangazi anataka aina moja tu: yale ya mviringo, ambayo chuma kiliyazunguka kama ganda la yai, ndani kukabaki udongo laini. Udongo huo ukikauka hunywea na kuachana na ganda, na ukilitikisa jiwe linalia kama njuga. Lipasue, utakuta unga wa manjano, laini kuliko poda ya mtoto. Uchome unga huo, unakuwa mwekundu.

Hiyo ndiyo kanuni aliyolelewa nayo. Akiwa mtoto, mama yake, yaani bibi yangu, alimpa kazi ya kuokota yanayolia. Kwa hiyo shangazi akaamini, na mimi nikaamini kwa kumwamini yeye, kwamba jiwe lisilosema halina kitu tumboni.

Basi bomba la maji likapasuka chini ya soko.

Lazima niwaeleze sakafu ya soko letu. Bibi ndiye aliyeipiga, enzi shangazi yangu bado anabeba maji kwa ndoo ndogo. Ni nyekundu, lakini usiulize nyekundu kama nini. Kama nyanya, hapana. Kama tofali, usimtukane bibi yangu. Ni wekundu wenye joto ndani, kama kaa la moto lililofunikwa majivu, na miguu ya watu wote wa mji huu imeisugua mpaka imekuwa laini. Wakati wa joto kali wauzaji wanavua viatu ili tu waikanyage.

Mafundi bomba wakachimba mtaro kuanzia mlango mkubwa hadi kwenye meza za mboga, wakatengeneza walichotengeneza, wakafukia kwa saruji ya kijivu. Ilikuwa kama plasta kwenye paji la uso la bibi harusi.

Mkandarasi, kijana msafi mwenye kofia ngumu ambayo nadhani analala nayo, akawakusanya wauzaji.

"Jamani, sakafu hii imezeeka. Tuing'oe yote, niwawekee vigae vyeupe. Vinang'aa!"

"Vinang'aa na vinatelezesha," akasema mwenyekiti wa soko, mama muuza vitambaa mwenye sauti ya king'ora. "Mimi nimebakiwa na nyonga moja nzima, nawe unaitaka?"

"Sasa mama, mtaishi na kovu hili? Rangi ya namna hii haipo dukani. Nimetafuta, haki ya Mungu."

"Kovu gani?" Shangazi alikuwa amesimama nyuma, mikono kiunoni. "Nani amekwambia litabaki?"

Watu wakageuka. Mwenyekiti akamtazama kwa yale macho ya kupima kitambaa.

"Mama Sikio, mwenzangu, nakupenda, lakini mdomo haupigi niru. Vigae vinakuja Jumatatu. Ziba. Jumatatu huyu kijana, aliyechimbisha mwenyewe, aje alionyeshe kovu kwa kidole. Akilionyesha, sakafu inang'olewa. Akishindwa, vigae vinarudi vilikotoka."

"Jumatatu," shangazi akasema, "huyu mwanangu mwenye kofia atalibembeleza kovu lijitokeze lenyewe."

Soko likapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Tulipofika kwenye kona ya kinyozi, ambapo hakuna aliyetusikia, nikamuuliza:

"Shangazi, rangi ile ilitengenezwaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nusu, nina masikio mazuri, usipige kelele."

"Sasa mbona umeapa mbele za watu?"

"Ulitaka niseme sijui mbele za watu?"

Na kweli hakujua. Aliolewa akiwa msichana, akaenda kukaa mji wa mbali, na aliporudi akiwa mjane alimkuta mama yake kiharusi kimemfunga ulimi. Mama mtu akawa anamtazama, anaonyesha huku na kule kwa mkono mmoja, na hakuna aliyeelewa. Akafa na maneno yake. Nyumba ya Bibi tuliikarabati, nguo zake zilishachakaa, sufuria zake zilishatoboka. Sakafu ile ndiyo kitu pekee cha mama yake ambacho bado kilikuwa kinafanya kazi. Shangazi hakuniambia hivyo. Nilimwona tu siku hiyo alipotoka sokoni, alivyolivuka lile kovu la kijivu bila kulikanyaga, kama mtu anayemvuka mgonjwa aliyelala.

Tukaanza. Akauweka unga wa manjano juu ya bati, akawasha moto chini, akawa anaugeuza kwa mwiko kama anakaanga karanga. Ndivyo alivyofanya siku zote kwa nyumba za watu, na hakuna aliyelalamika, maana mwenye nyumba yake hana cha kulinganisha nacho. Sasa kulinganisha kulikuwepo. Tulipiga niru kwenye vipande vya mbao, tukavikausha, tukavipeleka sokoni na kuvilaza sakafuni.

Cha kwanza kikawa cha rangi ya machungwa.

"Hicho unauza au unakula?" akauliza muuza matunda.

Cha pili, unga wake tuliuacha motoni zaidi, moshi ukaupata, kikatoka cha kahawia.

"Maini!" wakapiga kelele watu wa nyama. "Mama Sikio kaleta maini!"

Cha tatu sitakieleza kilifanana na nini, watoto wanaweza kusoma. Shangazi alikiokota, akakifuta kwa upindo wa nguo yake, akamwambia muuza matunda kwa adabu zote, "Cheka vizuri, meno yako yahesabike. Jumatatu utayahitaji kwa kuomba radhi." Lakini njiani alitembea polepole. Alhamisi ilikuwa imefika na hatukuwa na hata rangi ya kudanganyia kipofu.

Mchana huo akaniambia nichemshe maji ya kufulia magunia. Pipa letu la kuchemshia ni kubwa, jiko la gesi lingelikataa kwa matusi, kwa hiyo nikaenda kwenye kibanda cha nyuma, kwenye mafiga ya Bibi. Yalikuwa bado pale, mawe matatu meusi kwa masizi, kama alivyoyapanga yeye mara ya mwisho. Tangu gesi iingie nyumbani ni kuku tu waliokuwa wakiyatembelea. Nikapakia kuni kwa hasira za maini na machungwa, moto ukaruka mpaka darini. Maji yalipochemka nikalishika pipa kwa matambara nilitue, likaniinamia, maji yakamwagika juu ya figa moja.

Tah!

Nilidhani nimepigwa risasi. Nikaruka nyuma, nikakanyaga kuku, kuku akatoa maoni yake. Nilipofungua macho, figa lilikuwa limepasuka vipande viwili kama nazi, na matope yaliyokuwa yanatiririka kutoka ndani yake kuelekea mlangoni yalikuwa mekundu.

"Nusu! Umekufa?" Shangazi alikuwa ametokea mlangoni na sufuria mkononi.

"Sijui. Hii ni damu yangu?"

Alikuwa anatazama chini. Akapiga magoti kwenye maji ya moto yale, akachovya kidole, akakisugua kwenye kiganja. Akaokota nusu moja ya jiwe: ganda la chuma nje, jeusi, nene kama kidole gumba, na ndani unga umejaa pomoni, umeshindiliwa, hakuna hata nafasi ya pumzi. Mwekundu.

"Hili jiwe ni bubu," akasema taratibu.

"Shangazi..."

"Ni bubu kwa sababu limeshiba! Nusu, limeshiba! Kitakachogonga ni nini, na ndani kumejaa?"

Akalifunga lile pande kwenye kanga bila kujali lilivyokuwa la moto, akatoka mbio. Hujamwona mama wa makamo akikimbia na jiwe la moto kifuani mpaka umwone shangazi yangu. "Pisheni! Pisheni!" Alimpita mwendesha baiskeli. Kinyozi alitoka na mteja wake, nusu kichwa amenyolewa, wakadhani kuna moto. Mimi nilikuwa nyuma, ndala moja mguuni, nyingine sijui iliishia wapi.

Sokoni akaingia, akachota unga kwa ncha ya vidole, akaumwaga kidogo juu ya sakafu, kando ya kovu. Akausugua kwa kiganja chenye maji. Akaondoa mkono.

Haukuonekana. Ulikuwa pale, nilikuwa nimeutazama ukimwagwa, na haukuonekana.

"Yuko wapi?" akanong'ona mwenyekiti, kana kwamba tumempoteza mtu.

Shangazi akakaa chini palepale, akacheka mpaka machozi. "Mafiga," akawa anasema. "Mafiga, jamani! Mnakumbuka mama yangu alivyokuwa anabadili mafiga?"

Muuza dagaa, mama mzee kuliko soko, akashika mdomo. "Mwee! Tulimcheka! Tulisema mwanamke gani anabadili mafiga kama anabadili nguo? Tulisema ana mashetani ya jikoni!"

Hakuwa na mashetani. Alikuwa na akili za kutosha mji mzima. Mtoto aliokota yanayolia, ya rangi za kawaida, na mama akabeba mabubu mwenyewe, akayapanga jikoni, akayapikia. Ganda la chuma likawa chungu chenye kifuniko. Moshi haukuingia, majivu hayakuingia, unga ukaiva humo ndani polepole, chakula cha mchana juu ya chakula cha jioni, miezi kwa miezi. Kisha anayapasua, anapanga mengine. Ule mkono mmoja uliokuwa unaonyesha huku na kule siku zake za mwisho, leo tulijua ulikuwa unaonyesha wapi: jikoni.

Furaha ile ilidumu mpaka tuliporudi kibandani. Unga mwingi wa figa lililopasuka ulikuwa umesombwa na maji, kuku wanautembelea na miguu myekundu kama wanakwenda sherehe. Yalibaki mawili. Kuchoma mapya kungetaka miezi, na Jumatatu haikuwa na subira.

Shangazi akachukua nyundo, akakaa mbele ya yale mafiga mawili. Akaiweka nyundo. Akaichukua tena.

"Aliyapanga kwa mkono mmoja," akasema. "Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi. Ulimi umekufa, kofi bado zima."

"Tuyaache, shangazi?"

"Tukiyaacha, nitakuwa na mawe mawili ya mama yangu. Sakafu yake nzima nitaipeleka jaani." Akalitikisa lile la karibu, kwa mazoea tu. Bubu. Akatabasamu. "Sogea, Nusu. Ukikaa hapo utapata rangi usiyoiomba."

Akapiga. Likafunguka safi, limeshiba mpaka shingoni. Tukauchekecha unga kwa kitambaa mpaka usiku ukatufukuza. Figa la tatu hakuligusa.

"Na hili?"

"Hilo likae. Mama akiuliza nimeharibu jiko, nimwambie sijalimaliza."

Ijumaa tukavunja saruji ya kijivu na kupiga mpya. Mimi nilikoroga, yeye akanyunyiza unga na kusugua, amepiga magoti kuanzia mlangoni hadi kwenye mboga, ulimi umetoka nje kama mtoto anayeandika. Karibu na mwisho akaanza kunyunyiza kwa vidole viwili, kama mtu anayetia chumvi ya mwisho iliyobaki nyumbani. Nikamwambia niende nikalete figa la tatu. Akanitazama. Nikaendelea kukoroga. Unga uliisha yeye akiwa amefika ukingoni. Akakikung'uta kitambaa, akaikung'uta hata kanga aliyobebea jiwe.

Na rangi ikatoka nyeusi-nyeusi.

"Tumekwisha," nikasema.

"Saruji mbichi ni mwongo. Usibishane naye, mpe muda."

Jumamosi sakafu ilikuwa bado na giza. Jumapili ikaanza kupambazuka, wekundu ukapanda kama mtu anayeamka. Lakini nilipopitisha mguu juu yake nikaona tatizo jingine: palikuwa papya mno. Mahali pengine pamelainishwa na miguu ya vizazi, hapa pana ukali wa jana. Shangazi alikuwa ameshaliona zamani. Akapaka nta, akaenda mlangoni mwa soko, akawaita watoto wote wa mtaa.

"Nani anataka kuteleza?"

Aliwagawia magunia. Siku nzima walivutana juu ya lile kovu, wakaanguka, wakapigana, wakarudi. Mama zao walikuja kuwatafuta, na mwenyekiti, mwenye nyonga moja, akakalia gunia akavutwa mara moja kwenda na kurudi, akisema ni ukaguzi.

Jumatatu gari la vigae likaegesha nje. Soko zima lilikuwa limesimama, hakuna aliyeuza hata kitunguu. Shangazi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, magoti yamefungwa vitambaa, anatazama juu kwenye mabati.

Mkandarasi akaingia. Akatembea. Akarudi. Akachutama, akageuza shingo kama kuku. Kisha akachomoa futi mfukoni.

"Futi chini!" king'ora kikalia. "Tulisema kidole!"

"Mama, mimi ni mtaalamu, natumia vipimo."

"Na mimi natumia fagio. Weka chini."

Akaweka. Akavua kofia. Ndiyo, aliivua, ana kipara kidogo, maskini. Akatembea tena, safari hii anatokwa jasho, na mwisho akasimama kando ya nguzo ya kati, akapiga mguu chini.

"Hapa! Hapa ni papya, pako tofauti, ona panavyong'aa. Kovu linapita hapa."

Shangazi akashusha macho kutoka kwenye mabati.

"Hapo, mwanangu," akasema, "ni mahali nilipomwaga ndoo ya maji nikiwa mtoto, mama akaparudia mara mbili huku ananipiga. Wewe hujazaliwa."

Sikusikia kilichofuata, kwa sababu soko lililipuka. Muuza matunda alirusha machungwa. Mwenyekiti alitoka nje kuliambia gari la vigae lirudi lilikotoka, na nadhani waliomsikia ni pamoja na wale wa mji wa pili. Mkandarasi mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini, kisha, bado amekaa, akamgeukia shangazi, kofia mkononi.

"Mama, uniambie ukweli. Liko wapi?"

"Umelikalia."

Akajitazama, akatazama chini, akapiga makofi kama mtoto. Papo hapo akamwomba aje apige sakafu ya nyumba anayomjengea mama yake, rangi hiyohiyo.

"Hiyohiyo?" Shangazi akafikiri. "Mwambie mama yako awe na subira. Lazima nipike kwanza."

Jioni hiyo tulianza kuubomoa ule ukuta wa nyuma. Shangazi hawezi kuacha mazoea: bado anabandika kila jiwe sikioni, anafumba macho, anatikisa. Sasa akisikia kimya anapiga kelele ya furaha na kulikumbatia. Mafiga mapya mawili tumeyapanga kando ya lile la Bibi, tumeyakausha juani kwanza ili yasitulipukie, na pipa limekaa sawa juu ya matatu. Jua la asubuhi limeanza kutufikia mapema. Jiko la gesi tumelifanya meza ya redio.

"Nusu," ananiambia kila siku tangu hapo, hata kama tumekula na hakuna cha kupika, "ongeza kuni."